Barua ya wazi kwa Posta na Jiji la Arusha: tupeni ukuta

Kwa:
Ndugu Postamasta Mkuu, Shirika la Posta Tanzania
Mstahiki Meya na Ndugu Mkurugenzi, Halmashauri ya Jiji la Arusha

YAH: OMBI LA UKUTA MMOJA WA POSTA NA ASILIMIA MOJA YA GHARAMA ZA MAJENGO YA UMMA



Naomba mambo mawili. La kwanza ni dogo: Shirika la Posta litoe ukuta mmoja wa ndani katika ofisi yake ya Arusha, pale Mnara wa Saa, uchorwe picha kubwa ya maisha na historia ya watu wa mji huu, na mchoraji apatikane kwa shindano la wazi. La pili ni kubwa kidogo: Halmashauri ipitishe utaratibu kwamba kila jengo jipya la umma litengewe asilimia moja ya gharama zake kwa ajili ya kazi ya sanaa itakayobaki hapo. Nimewaandikia kwa pamoja kwa sababu ukuta ni wa Posta na mji ni wa Jiji, na ombi la namna hii likipelekwa ofisi moja huambiwa liende ofisi nyingine.

Nitaje maslahi yangu mapema, mtu asije akayavumbua mbele ya safari. Mimi ni mchora mabango wa Kijenge. Nimeandika majina ya maduka, bei za supu na chapati, na "Leo fedha kesho mkopo" kwenye mbao za wauza vyakula. Nimechora vichwa vya akina mama waliosukwa kwenye kuta za saluni na matairi kwenye vibanda vya mafundi pancha. Tangu mashine za kuchapa mabango ya flex ziingie mjini, kazi hizo zimepungua sana. Mwenye duka hutuma picha kwa simu asubuhi, na jioni anatundika bango lake. Simlaumu, ni rahisi na ni haraka. Matokeo yake ni kwamba mitaani kuna mafundi wa brashi wanaoshinda bila kazi, na majengo ya umma yana kuta tupu zinazopakwa krimu na bluu kila baada ya miaka kadhaa. Mkikubali ombi hili, mimi na wenzangu tutafaidika. Lakini nina hoja ambayo ingesimama hata kama nisingewahi kushika brashi.

Mfano ninaotaka muutazame ni wa Posta, ila Posta ya Marekani, tena wakati nchi ile ilipokuwa taabani. Mwaka 1933, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne wa Marekani hakuwa na kazi. Mchoraji George Biddle alimwandikia barua Rais Franklin Roosevelt, ambaye walisoma shule moja, akamweleza jinsi serikali ya Mexico ilivyowalipa wachoraji vijana ujira wa fundi wa kawaida ili wachore kuta za majengo ya umma. Jambo lote, basi, lilisukumwa na barua ya mchoraji kwa mkuu wa nchi, na ndiyo maana nami nimethubutu kuwaandikia.

Mwezi Oktoba 1934 Wizara ya Fedha ya Marekani ikaanzisha kitengo cha uchoraji na uchongaji, kikiongozwa na Edward Bruce, mtu aliyekuwa mwanasheria na mfanyabiashara kabla ya kugeukia uchoraji. Miaka ile serikali ilikuwa inajenga ofisi za posta kwa wingi ili watu wapate ajira. Kitengo kikaweka kanuni: kadiri bajeti ya jengo ilivyoruhusu, karibu asilimia moja ya gharama za ujenzi iende kwenye sanaa ya jengo hilo. Kilipofungwa mwaka 1943, kilikuwa kimeagiza kazi zipatazo 1,400 katika miji zaidi ya 1,300, na nyingi zilikwenda kwenye ofisi za posta za miji midogo ambayo haikuwa na jumba la sanaa wala makumbusho.

Ndugu Postamasta Mkuu, hili litakufurahisha: katika ofisi nyingi za aina hiyo, mahali palipochaguliwa ni juu ya mlango wa chumba cha postamasta. Mteja akisimama kwenye foleni kununua stempu au kufungua sanduku lake, macho yalikuwa hayana pengine pa kwenda. Mkulima ambaye hajawahi kulipa kiingilio cha jumba la sanaa aliitazama picha ya mavuno ya kwao kila alipofuata barua, bure, mwaka baada ya mwaka.

Namna walivyofanya kazi ina mafunzo kuliko hata picha zenyewe. Fedha hizi hazikuwa sadaka kwa wachoraji wenye njaa. Kulikuwa na mpango mwingine kwa ajili hiyo, ulioanza mwaka 1935, uliowalipa wasanii wasio na kazi ujira wa kila wiki. Kitengo cha Wizara ya Fedha kilitafuta ubora. Kilitangaza mashindano, wachoraji wakatuma michoro isiyo na majina, na jina likafungwa ndani ya bahasha. Majaji walichagua mchoro kwanza, bahasha ikafunguliwa baadaye. Aliyeshinda alitakiwa kuujua mji, ikiwezekana aufikie, azungumze na watu na ajue wanalima nini na wanajivunia nini. Kisha aliwasilisha mchoro mdogo wa rangi, halafu mchoro wa ukubwa kamili wa ukuta, na malipo yakatoka kwa awamu kila hatua ilipokubaliwa. Picha nyingi zilichorwa kwa rangi ya mafuta kwenye kitambaa kizito katika karakana ya mchoraji, zikasafirishwa na kubandikwa ukutani.

Sisemi yote yalikwenda vizuri, na ningependa tujifunze zaidi pale walipoharibu. Katika mji wa Kellogg, jimbo la Idaho, mji wa wachimba madini, mchoraji Fletcher Martin alipendekeza picha ya wachimbaji wakimtoa mwenzao aliyeumia mgodini. Wachimbaji waliipenda. Wenye migodi hawakuipenda, na picha iliyobandikwa mwaka 1941 ikawa ya hadithi ya kugunduliwa kwa madini, isiyo na jeraha la mtu yeyote. Katika mji wa Aiken, South Carolina, Stefan Hirsch alichora picha ya Haki kwa umbo la mwanamke kwenye ukumbi wa mahakama mwaka 1938. Jaji hakuipenda rangi ya ngozi ya mwanamke yule, aliyeonekana kuwa na damu ya Mwafrika, na picha ikafunikwa pazia. Na katika picha nyingi za kusini, watu weusi walichorwa wameinama kwenye pamba huku wazungu wakisimama wima. Hakuna aliyewauliza watu weusi wangependa kuonekanaje kwenye ukuta wa Posta waliyoichangia kwa kodi zao.

Kuna pia picha zilizopona kwa shida. Anton Refregier alishinda shindano la kuchora paneli 27 kwenye ofisi ya posta ya Rincon Annex, San Francisco, akazimaliza mwaka 1948. Aliweka humo mgomo wa wafanyakazi wa bandari na kupigwa kwa wahamiaji wa Kichina. Mwaka 1953 suala lake likafika kwenye Bunge la Marekani, baadhi ya wabunge wakitaka paneli zile ziondolewe kwa madai kwamba ni za kikomunisti. Wakazi, wasanii na watu wa makumbusho wakazitetea. Posta ilikwisha kuhama jengo lile, lakini paneli bado zipo, na watu wanakwenda kuzitazama. 

Funzo ninalolichukua ni hili: swali gumu kwenye ukuta wa umma ni nani anaamua nani aonekane, na swali la rangi na brashi huja baadaye. Ukiliacha mikononi mwa wenye mali, utapata mgodi usio na jeraha. Ukimwachia ofisa mmoja, utapata pazia.

Na sisi huku, je? Mdororo ule ulitufikia pia. Bei za mkonge na kahawa zilianguka, na serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikajibu kwa kuwahimiza wakulima walime zaidi ili kodi ipatikane. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakajibu kwa kuimarisha ushirika wao, KNCU, ulioandikishwa mwaka 1933. Kila nchi ilijibu kwa ilichokuwa nacho, na sisi wakati ule hatukuwa na serikali yetu ya kuiandikia barua.

Lakini uchoraji wa ukutani si jambo la kigeni upande huu wa Afrika, na aliyefanya kazi maarufu kuliko zote ni jirani yetu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932 na mhitimu wa Makerere, alichora mwaka 1959 picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Murang'a, nchini Kenya. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau alimchora Kristo akiwa Mwafrika, akazaliwa, akabatizwa na akasulubiwa katika vilima na mashamba ya Murang'a, kati ya watu wanaofanana na wale walioketi kwenye mabenchi chini yake. Fikirini uzito wa jambo lile: ilikuwa nchi iliyogawanyika, damu haijakauka, na msanii kutoka nchi jirani alipewa kuta za mahali patakatifu. Watu waliaminiana kiasi hicho. Sisi tunaogopa kutoa ukuta wa Posta?

Jirani mwingine ni Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, msanii aliyekuwa pia Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Alichora vijiji, mashamba, mavuno na watu wakifanya kazi pamoja. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mtoto wa Kijenge anayetaka kuiona picha ile ya migomba ya kwao, inambidi kwanza apate viza ya Marekani.

Ndugu Postamasta Mkuu, hata Posta yenyewe ilishawahi kufanya kazi ninayoiomba, isipokuwa kwenye karatasi ndogo. Tazama stempu zilizotolewa siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Kwenye stempu ya senti 5 kuna mwalimu na wanafunzi. Kwenye ya senti 10 kuna muuguzi na mtoto mchanga. Kwenye ya senti 15 watu wanachuma kahawa, na kwenye ya senti 20 wanavuna mahindi. Wamo simba wa Serengeti, ndiyo, kwenye ya senti 50, na mwenge unawaka juu ya Kilimanjaro kwenye ya shilingi moja na senti 30. Hesabu mwenyewe: simba ni stempu moja, na watu na kazi zao wanachukua nyingi. Taifa lilipojitambulisha kwa mara ya kwanza duniani, lilitanguliza mwalimu, muuguzi na mkulima.

Sasa tembea Arusha ya leo. Kwenye kuta za hoteli, maduka ya vinyago na ofisi za safari kuna tembo, twiga, chui juu ya mti, na Mmasai mwenye mkuki anayetazama machweo. Nimechora tembo wengi mimi mwenyewe na wamenilisha. Sina neno na tembo. Utalii unalipa mishahara ya maelfu ya watu hapa. Lakini mji wenye mamia ya maelfu ya wakazi umejichora kwa macho ya mtu anayekaa usiku mmoja kabla ya kwenda Ngorongoro. Mtoto anayekua Kijenge Mwanama au Unga Limited anaona kila siku kwamba kitu cha thamani cha mkoa wake ni mnyama, na kwamba binadamu anastahili kuchorwa akivaa shuka tu. Dereva wa bodaboda, mama muuza ndizi, mwalimu wa shule ya msingi na fundi cherehani hawapo kokote.

Tuna mahali pamoja pakubwa ambapo umma ulijengewa kumbukumbu, nako ni Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio, vilivyozinduliwa mwaka 1977 kuadhimisha miaka 10 ya Azimio la Arusha. Makumbusho hayo yamo katika ukumbi wa Kaloleni, ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967. Mtu akubali Azimio au alikatae, walioujenga mnara ule walijua kwamba mji unahitaji kujieleza kwa umbo linaloonekana. Tangu hapo tumejenga mengi zaidi, marefu zaidi, na karibu yote yako kimya.

Ukuta wa Posta ungesema nini? Sitaki kumfungia mshindi wa shindano, ila nitoe mifano ili msidhani hatuna cha kuchora.

Posta ipo kwenye Barabara ya Boma, na boma lenyewe, lililojengwa na Wajerumani kuelekea mwaka 1900 kwa kuwatumikisha Waarusha na Wameru waliokuwa wameshindwa vitani, lipo hatua chache kutoka hapo. Leo ni makumbusho ya elimu viumbe, na wageni huingia kuangalia wadudu na mafuvu. Waliobeba mawe yake wanastahili angalau kipande cha ukuta jirani.

Halafu Engare Nanyuki. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, ili ardhi iwe ranchi za walowezi. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Wameru hawakushika silaha. Waliandika malalamiko, wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet New York mwaka 1952 pamoja na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza yaliyowapata. Mkulima kutoka mlimani kwetu akahutubia dunia miaka tisa kabla ya Uhuru. Hakurudi na ardhi, lakini mkutano ule ulifungua macho ya watu wengi Tanganyika juu ya nini kinaweza kudaiwa kwa karatasi, hoja na umoja. Je, kuna hadithi inayofaa ofisi ya posta kuliko hii, ya watu waliopigania ardhi yao kwa maandishi?

Ziko na nyingine zisizo na huzuni. Mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee kwenye miteremko ya Meru, ikagawanywa kwa zamu zenye sheria zake. Wanawake wa masoko wanaoshuka na ndizi alfajiri. Wafanyakazi wa kiwanda cha matairi cha General Tyre, ambacho magurudumu yake yalibeba mabasi ya nchi nzima, na siku kilipozima mitambo. Siku ya tarehe 30 Novemba 1999, marais watatu waliposaini hapa hapa mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na vijana wa Kijenge Juu, kundi la Watengwa na wenzao, walioifanya hip hop ya Kiswahili isikike kwa lafudhi ya Arusha wakati wengi walidhani muziki ni Dar es Salaam tu.

Najua mtakayoyasema, kwa hiyo niyajibu.

Mtasema: madawati na vyoo kwanza. Nami nina watoto wa ndugu zangu wanaosoma shule za Kata, na sibishani na madawati. Lakini ninachoomba ni asilimia moja, na asilimia 99 zibaki kwa tofali, bati na vyoo. Halmashauri zetu tayari zinajua kutenga asilimia kwa lengo la kijamii: asilimia 10 ya mapato ya ndani hukopeshwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo nao ulianza kama wazo lililoonekana gumu.

Tufanye hesabu. Madarasa ya fedha za UVIKO yalijengwa kwa shilingi milioni 20 kila moja. Shule ya madarasa manane ni milioni 160, na asilimia moja yake ni milioni 1.6. Fedha hiyo inatosha rangi nzuri na ujira wa haki wa fundi mmoja na msaidizi wake kwa ukuta mmoja wa shule. Sasa nenda juu kabisa. Gharama iliyotangazwa ya uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti ni takriban shilingi bilioni 286. Uwanja ule ni wa serikali kuu na nautaja kwa mfano tu, lakini asilimia moja yake ni zaidi ya bilioni 2.8, na ingeweza kupamba kila shule na zahanati ya Jiji hili na chenji ikabaki.

Mtasema: kuta zitageuzwa kampeni. Hofu hiyo ni ya haki. Basi masharti ya shindano yapige marufuku sura ya kiongozi yeyote aliye madarakani, nembo ya chama chochote na tangazo la kampuni yoyote, hata kama kampuni hiyo imejitolea rangi. Afadhali kulipia rangi kwa asilimia moja kuliko kuipata bure na kuuza ukuta.

Mtasema: mambo kama Engare Nanyuki yatafukua machungu. Hao walioishi machungu yale hawajayasahau. Wajukuu wao wanayasimulia. Kilichopungua ni mahali pa umma ambapo mtoto wa Kichaga, wa Kiarusha, wa Kipare, wa Kisomali au wa Kihindi wa mji huu anaweza kuisoma hadithi hiyo bila kualikwa nyumbani kwa mtu. Kumbukeni wachimbaji wa Kellogg: walioumia ndio waliotaka picha ya jeraha, na waliolikataa ni wale ambao hawakuumia.

Mtasema: nani bado anakwenda Posta? Wapo wengi kuliko tunavyodhani. Tangu Posta iachane na simu na kuwa shirika lake mwaka 1994, imelazimika kujitafutia kazi mpya, na katika baadhi ya ofisi zake kuna vituo vya Huduma Pamoja ambapo mwananchi anapata huduma za taasisi kadhaa za serikali chini ya paa moja. Foleni imerudi kwa sura nyingine. Tena mji huu ndio makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, PAPU, ulioanzishwa hapa mwaka 1980, na jengo lake refu linaonekana ukiwa Kijenge. Wakuu wa posta wa bara zima huja Arusha kwa mikutano. Ofisi ya posta ya mji wao mwenyeji ingeweza kuwa mfano wa kwenda nao nyumbani.

Sasa namna ya kufanya, nikiongea kama fundi.

Shindano litangazwe redioni, kwenye mbao za mitaa na Posta yenyewe, kwa Kiswahili, na liwe wazi kwa kila mchoraji anayeishi Arusha na Meru, awe na cheti cha chuo au awe amejifunzia barabarani. Michoro itumwe kwa namba, majina yabaki kwenye bahasha. Majaji wawe wa Posta, wa Jiji, mwalimu wa sanaa, mtu wa makumbusho, wenyeviti wawili wa mitaa, na wateja wawili wa kawaida wa Posta. Michoro itakayofika hatua ya mwisho itundikwe pale pale ofisini mwezi mzima na daftari la maoni liwepo, na majaji walazimike kulisoma kabla ya kuamua.

Malipo yatoke kwa awamu tatu. Msitake mshindi awe na kampuni. Wengi wetu hatuna, na mfumo wa manunuzi wa NeST unaweza kumwacha nje mtu mwenye mkono mzuri kuliko wote. Sheria ya manunuzi inayatengea makundi maalumu asilimia 30 ya manunuzi ya umma, kwa hiyo kikundi cha vijana wachoraji kilichosajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii kinaweza kuingia kwa mlango huo.

Kuhusu kazi yenyewe: kuta za Arusha zina unyevu, na masika plasta hutoa chumvi inayofumua rangi. Kwa ukuta wa ndani napendekeza kitambaa kizito kilichoandaliwa, kichorwe karakanani na kubandikwa, ili siku jengo likiuzwa au likivunjwa picha ihamishiwe makumbusho. Kwa kuta za nje za shule, plasta ikauke kabisa kwanza, ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia chumvi, na sehemu moja ya kumi ya fedha iwekwe akiba kwa matengenezo. Picha isiyotunzwa miaka mitano itawapa nguvu wale wanaosema sanaa ni uchafu wa ukuta.

Ninachoomba kutoka kwenu ni maamuzi matatu. Ndugu Postamasta Mkuu, taja ukuta na uruhusu shindano. Mstahiki Meya, peleka hoja ya asilimia moja kwenye Baraza la Madiwani, ijadiliwe na kupigiwa kura kwa majina ili tujue diwani wetu amesimama wapi. Ndugu Mkurugenzi, anza na jengo moja dogo la Jiji, liwe zahanati au shule, mwaka huu wa fedha, kama jaribio, na matumizi yake yabandikwe wazi.

Mkikubali, wachoraji wa Kijenge tutakuja na brashi, ngazi na michoro yetu kushindana na wa Njiro, wa Usa River na wa kwingineko, na tukishindwa kwa haki tutawashikia ngazi walioshinda. Mkikataa, naomba sababu zenu ziandikwe na zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa Posta na wa Jiji, ili wateja, walimu, mafundi na wenyeviti wa mitaa wazisome na kuzijibu. Ombi hili limeandikwa mbele ya watu wote, na jibu lake nalo litolewe mbele ya watu wote.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mchora mabango
Kijenge, Arusha

Nakala:
Katibu Mkuu, Umoja wa Posta Afrika (PAPU), Arusha
Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA)
Wenyeviti wa mitaa ya Kijenge